Breki za Alizeti

Kombo aliropoka mwenyewe, siku ya mahari, mbele ya wakwe wote kutoka Ihanja. Alisema wasihangaike na gari. "Mwanangu nitamleta mimi, kwa gari langu, naendesha mimi." Wakwe wakacheka kwa adabu. Gari lenyewe lilikuwa pale nje, pikapu kuukuu isiyo na milango, na kuku ametagia kwenye kiti cha dereva. Hakuna aliyembishia, kwa sababu hakuna aliyemwamini.

Sasa ilikuwa Alhamisi, harusi Jumamosi, na gari lilikuwa na milango yote. Lilikuwa linawaka, taa zinawaka, hata honi inalia. Kombo anauza viatu vya mtumba sokoni Singida Mjini, na gereji hajaisomea hata siku moja. Jirani yake Leonidas ni mkulima wa alizeti, naye hajasomea. Ufundi wao ni ule wa kufungua kitu, kushindwa kukifunga, kulala na hasira, kisha kuamka na kukifunga. Pampu ya maji ya mtaa wamewahi kuitengeneza. Cherehani za akina mama, milango, redio, baiskeli, vyote vimepita mikononi mwao, na mtaa wao mzima wa Unyambwa unawaita mafundi uchwara huku ukiwapelekea vitu.

Basi wakalitoa gari kwenda kulijaribu kwenye lami. Kwenda lilikwenda vizuri, Kombo kiwiko dirishani, anapunga watu asiowajua. Kurudi likaanza kuwa zito. Akikanyaga mafuta, injini inalia lakini gari haliendi, kama ng'ombe aliyeshikwa mkia. Kisha ikaja harufu ya kuungua, na mbele ya kijiwe cha bodaboda, pale pale ambapo mtu hataki kuharibikiwa, likasimama lenyewe.

"Mzee Kombo!" kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele. "Hiyo nyama inaiva saa ngapi?"

Tairi la mbele lilikuwa linatoa moshi. Vijana wakaja kusukuma, wakasukuma mpaka wakatoka jasho, gari halikusogea hata kidogo.

"Bibi harusi atafika na ndevu," mwingine akasema.

Leonidas aliingia chini ya gari na spana, akalegeza kile kinati kidogo cha kutolea upepo wa breki. Mafuta yakaruka, tairi likaachia. Akatoka akiwa ameshika kidole chake juu, kinang'aa. Akakinusa. Akakinusa tena.

"Kombo. Hii inanukia maandazi."

Kombo akaangalia upande wa mjini.

"Umeweka nini humu?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Si mafuta tu, jamani."

"Baba Rukaya, nakuuliza kama mtu mzima. Mafuta gani?"

"Ya alizeti," Kombo akasema kwa sauti ya chini, lakini vijana wa bodaboda wana masikio. "Kidogo. Yale ya breki yaliniishia Jumanne jioni, mjini walishafunga. Nikaona mafuta ni mafuta."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Lakini hata wao waliocheka, nyumbani kwao ni hivyo hivyo. Singida alizeti ndiyo inapikiwa, ndiyo inapakwa miguu iliyopasuka na upepo, ndiyo inawekwa kwenye bawaba, kwenye mnyororo wa baiskeli, kwenye cherehani na kwenye kichwa cha mtoto. Mtu aliyekulia hivyo akiona kikopo cha breki kimekauka, mkono unakwenda wenyewe kwenye ndoo. Tatizo ni kwamba raba za breki hazijui kwamba ziko Singida. Zikinywa alizeti zinavimba kama chapati, zinaziba njia, breki inashika na haiachii.

"Raba zote zimekufa," Leonidas akasema. "Magurudumu yote manne, na kule juu kwenye pampu ya breki."

"Tutabadilisha."

"Lini? Kesho Ijumaa una swala. Jua likizama, mimi nimeingia Sabato. Jumamosi sishiki spana, unajua."

"Kati ya swala yangu na jua lako kuna nafasi," Kombo akasema.

Na alikuwa anasema kweli, ila nafasi yenyewe ilikuwa nyembamba.

* * *

Nyumbani mkewe Mwantum alikuwa ameinamia ndoo ya mafuta ya pilau.

"Nani kachota humu?" aliuliza bila kugeuka. "Mafuta ya wageni niliyaagiza ndoo imejaa. Nani kachota?"

Kombo alikaa kwenye ngazi, akaanza kuvua viatu taratibu. Mke wake amekaa naye miaka mingi, anajua kimya chake cha uchovu na kimya chake cha makosa.

"Usiniambie."

"Kikombe kimoja tu, mama Rukaya."

"Umekula?"

"Nimeweka kwenye breki."

Mwantum akakaa chini. Alitaka kucheka, akataka kulia, mwisho akasema maneno aliyoyaweka tangu siku ya mahari. "Wewe ulitaka sifa. Wenzio wanaoza watoto, wanachinja, wanakula, wanalala. Wewe ukaona haitoshi, lazima watu wa Ihanja wajue unajua kufunga nati. Haya. Dada zangu wanaingia kesho kutoka Manyoni, watanikuta na mume yuko chini ya gari kama panya. Sawa, aibu nimeizoea. Lakini breki, baba Rukaya? Breki! Unataka kumtia mwanangu kwenye gari ambayo haisimami?"

"Ilikuwa inasimama. Shida ilikuwa haiendi."

"Usinitanie!"

Kombo akaviweka viatu pembeni. Alichotaka kumwambia ni kwamba hana kitu kingine. Shamba la kumwachia Rukaya hana, nyumba ni hii moja, na mahari karibu yote imeishia kwenye sherehe. Mikono ndiyo alikuwa nayo, na mikono haiwezi kufungwa kwenye zawadi ikapelekwa ukweni. Gari ndiyo ilikuwa njia ya kuipeleka. Lakini maneno kama hayo mwanaume wa Unyambwa hayasemi mdomoni, basi akasema, "Nitaitengeneza."

Mwantum akaingia ndani, akafunga mlango, akampigia simu Abdulmajidi, baba mdogo wa bwana harusi.

"Mkwe, shikamoo. Nakuomba kitu, na mzee asijue. Jumamosi njooni na gari. Ndiyo. La akiba tu."

* * *

Ijumaa Kombo alirudi kutoka swala karibu anakimbia, raba mpya ziko kwenye mfuko wa kanzu. Duka la spea mjini walikuwa wamembakizia pakiti za mwisho. Leonidas alikuwa ameshalinyanyua gari juu ya mawe, magurudumu yamelala chini, na kila kitu kilichonywa alizeti kimelowekwa kwenye beseni la spiriti.

Wakaanza kazi. Raba za zamani zilitoka zimenona, laini, ukizibonyeza zinabaki na alama ya kidole. Walizitupa mbali ili zisichanganyike. Bomba moja moja wakalisafisha na kulipuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka likatoa hewa kavu. Akina mama wa kupika walikuwa wanapita na masufuria yao, wanachungulia, wanasema, "Mafundi, chumvi imekolea?"

"Bado," Leonidas akajibu. "Leteni kitunguu."

Gurudumu la kwanza likakamilika, la pili, la tatu. Kwenye la nne, Leonidas alikuwa anakaza nati, spana iko katikati ya mzunguko, akatazama juu. Jua lilikuwa limegusa mawe makubwa ya kule mlimani. Akaachia spana pale pale ilipo.

"Leonidas!" Kombo akasema. "Nusu mzunguko tu!"

"Limezama."

"Naliona bado!"

"Unaliona wewe, una haraka." Akanawa mikono, akampa Kombo mkono. "Nati hiyo utaikaza mwenyewe. Lakini upepo huwezi kuutoa peke yako. Tafuta mtu wa kukanyaga, mwenye masikio."

* * *

Jumamosi ndoa ilifungwa asubuhi msikitini. Kombo alimwozesha binti yake kwa sauti iliyonyooka, akakumbatiwa, akamwagiwa marashi, na watu walipokuwa bado wanakula pilau, yeye akavua kanzu, akaitundika kwenye kioo cha pembeni cha pikapu, akaingia chini.

Breki zilikuwa zimefungwa zote, mafuta yenyewe ya kweli yamejaa kwenye kikopo. Lakini ndani ya mabomba kulikuwa na hewa, na pedali ukiikanyaga inazama mpaka chini kama mguu kwenye tope. Kazi iliyobaki ilikuwa ya watu wawili. Mmoja anakanyaga, anashikilia. Mwingine chini anafungua nati, upepo unatoka, anafunga. Ndipo yule wa juu anaachia. Akiachia kabla nati haijafungwa, upepo wote unarudi ndani, mnaanza upya.

Akamkamata mpwa wa mke wake, kijana wa Manyoni aliyevaa suti.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshi... samahani, mjomba, mguu umeteleza."

"Rudia. Kanyaga!"

Mara tatu, mara nne, na kila mara kijana anaachia mapema. Leonidas alikuwa ameshatoka kanisani, amekaa kwenye kiti cha plastiki na tai yake, mikono ameiweka mapajani kama vitu vya kuazima.

"Leonidas, jamani. Kukanyaga tu. Hata spana hushiki."

"Kukanyaga ni kazi."

"Ulikuja hapa kwa kukanyaga! Ulikanyaga baiskeli!"

"Nilikuja kwa miguu," Leonidas akasema. "Lakini kuongea si kazi. Kijana, usiachie mpaka aseme achia. Umesikia?"

Hapo ndipo gari jeupe lilipoingia uani, linang'aa, limefungwa maua na riboni mbele. Abdulmajidi akashuka na kofia yake ya kushonwa kwa mkono na miwani ya jua. Akazunguka pikapu. Akaona miguu ya mkwe wake imetokeza chini, imejaa vumbi, na suruali ya harusi imeshikwa na grisi.

"Bwana mkwe," akaiambia ile miguu. "Assalamu aleikum."

"Waaleikum salaam," miguu ikajibu.

"Tumekuja na gari la akiba. Hatukutaka kukusumbua."

Miguu ikatulia. "Nani kawaambia kuna haja ya akiba?"

Abdulmajidi akamtazama Mwantum aliyesimama mlangoni, na Mwantum akatazama chini. Kombo alikuwa anaona miguu tu kutoka kule chini, viatu vya mkwe na kandambili za mke wake, lakini aliona jinsi viatu vilivyogeukia kandambili. Akaelewa.

"Si vibaya, mzee wangu," Abdulmajidi akaendelea, kwa ile sauti ya upole inayouma kuliko tusi. "Kila mtu na fani yake. Wewe viatu. Gari hii ukaiweke vizuri, utafugia kuku. Binti apande la kwetu, jua linakwenda."

Watu waliokuwa wanakula wakaacha kula.

Ndani, kwenye chumba cha nyuma, Rukaya alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefunikwa, hina bado mpya miguuni, wanawake wamemzunguka. Dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa anasikia kila kitu, lakini kilichomuuma si maneno ya baba mdogo wa mume wake. Kilichomuuma ni yule kijana kwenye pedali. Kanyaga, shikilia, halafu *pss*, ameachia. Kanyaga, shikilia, *pss*, ameachia. Rukaya alikuwa amekanyaga pedali ile tangu miguu yake haijaifikia vizuri, anakaa ukingoni mwa kiti ameshika usukani. *Pss* nyingine ikatoka. Akasimama.

"We! Unakwenda wapi?" Mama yake mkubwa akamshika nguo.

"Nakuja."

"Bibi harusi hatoki! Watu watakuona!"

"Basi nifunikeni," Rukaya akasema, na tayari alikuwa kwenye korido.

Alipotokea mlangoni, Mwantum aligeuka kumzuia binti yake. Alikuwa na maneno mdomoni, ya aibu na ya mila na ya watu watasema nini. Kisha akaitazama ile miguu ya mume wake pale chini. Haikuwa imetoka. Baada ya maneno yote yale, mwanaume hakutoka kugombana na mtu. Alikuwa bado anapangusa nati.

Mwantum akafungua khanga ya kiunoni, akaishika kwa mikono miwili, akaitandaza mbele ya binti yake.

"Leteni khanga!" akawaambia dada zake. "Mnashangaa nini? Leteni khanga!"

Wakaja. Wakamzungushia Rukaya khanga pande zote, wakatembea naye kama nyumba inayohama, mpaka kwenye mlango wa pikapu. Kijana wa suti akashuka bila kuambiwa. Khanga zikazingira mlango, hakuna aliyeona kitu isipokuwa vitambaa na vichwa vya wanawake.

Kutoka ndani ikatoka sauti. "Shikamoo, baba."

Chini ya gari Kombo alifumba macho kidogo. "Marahaba, mwanangu. Miguu si ina hina?"

"Imekauka. Sema."

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Nati ikafunguka, upepo ukatoka na povu, nati ikafungwa.

"Achia."

"Nimeachia."

Gurudumu la nyuma, la mbele, la kushoto, la kulia. Sauti mbili tu, ya mzee na ya binti, zinafuatana bila kugongana. Mama mkubwa mmoja kutoka Manyoni, mtu wa ngoma, mdomo ukamwasha. Kombo aliposema "kanyaga", yeye akaitikia "kanyagaaa", na wenzake wakapokea "shikiliaaa", makofi yakaingia, vigelegele vikapasuka, na kazi ya breki ikawa ngoma ya kumtoa bibi harusi. Leonidas kwenye kiti chake alikuwa anatikisa kichwa. Kuimba si kazi.

Povu likaisha. Yakatoka mafuta matupu.

"Baba," Rukaya akasema. "Pedali imekuwa ngumu. Imesimama juu."

* * *

Kombo akatoka chini ya gari. Hakuvaa kanzu, hakunawa. Akaenda moja kwa moja kwa Abdulmajidi.

"Mkwe, ulichosema kuhusu kuku nimekisikia. Na kuna ambacho hukujua: breki hizi niliziua mimi mwenyewe, kwa kuweka alizeti. Sasa nimezifufua. Lakini mwanangu hapandi kwa maneno yangu. Panda wewe kwanza."

"Mimi?"

"Wewe na mimi. Isiposhika, atapanda gari lenu na mimi nitatembea nyuma yake kwa miguu mpaka Ihanja. Ikishika, riboni hizo mzifungue, mzifunge huku."

Abdulmajidi akatazama watu, na watu wakamtazama. Mtu mwenye miwani ya jua hawezi kukataa mbele ya wanawake wengi vile. Khanga zikamshusha Rukaya, naye akapanda.

Wakateremka ule mteremko wa kuelekea barabarani, Kombo hakanyagi breki, gari linakimbia, vumbi linapanda. "Mzee," Abdulmajidi akasema. "Mzee Kombo. Mzee!" Kombo akakanyaga. Pikapu ikasimama pale pale imenyooka, haikuvuta kushoto wala kulia, na kofia ya Abdulmajidi ikaruka, ikagonga kioo na kutua kwenye dashibodi.

Kombo akaachia pedali, gari likateleza mbele lenyewe, jepesi.

"Imeshika," Abdulmajidi akasema, anatafuta miwani miguuni.

"Na imeachia," Kombo akasema. "Hiyo ndiyo ilikuwa kazi."

Riboni alizifungua Abdulmajidi mwenyewe. Mwantum alimletea mume wake maji ya kunawa, akamshikia sabuni. "Nilimpigia simu," akasema. "Najua," Kombo akasema. "Mwanao ni mwanao. Hukukosea." Akavaa kanzu juu ya grisi.

* * *

Waliingia Ihanja jua bado lipo, pikapu mbele na honi yake ya kukwaruza, gari jeupe nyuma linakula vumbi. Upande wa bwana harusi walikuwa wamepanga mikeka. Mama mkubwa wa Manyoni akasimama kwenye mlango wa gari, akapanua mikono kama ilivyo desturi.

"Huyu hashuki bure! Mnampa nini?"

"Kitenge!" wakajibu wa Ihanja.

"Hataki!"

"Simu mpya!"

"Hataki!"

"Mbuzi na mtoto wake!"

Mama mkubwa akaingiza kichwa ndani kumsikiliza bibi harusi. Alipokitoa alikuwa amekunja uso, kama mtu aliyetumwa kitu asichokielewa.

"Anataka sanduku la spana."

Kicheko kikalipuka. Bwana harusi, Shukuru, kijana wa pikipiki na shamba, akacheka kuliko wote, kisha akakimbia nyuma ya nyumba kulifuata. Abdulmajidi akasogea karibu na dirisha. Hakuwa anamkejeli mtu tena, alitaka tu kujua.

"Binti, wanawake wenzio wanaomba dhahabu. Spana za nini?"

Kombo alikuwa ameshashuka, amesimama upande wa pili wa gari, ameegemea bodi. Hakugeuka. Akasikia sauti ya mwanawe kutoka chini ya shela, haina haraka wala haya.

"Kwani huku vitu haviharibiki?"